Kutoka Karai la Sukari Nguru Hadi Kiwanda cha Chokoleti: Somo la Uhandisi kwa Vijana wa Kisii na Nyamira

Katika sehemu za Mugirango Kusini, Kaunti ya Kisii, moshi wa mitambo ya sukari nguru ni jambo la kila siku. Miwa hukamuliwa, maji yake huchemshwa katika makarai mapana juu ya tanuri, povu lenye uchafu huondolewa, na yakishakuwa mazito humiminwa na kuachwa yagande. Kijana anayekoroga karai hilo huenda asijue kwamba anafanya kazi ileile inayofanywa na mitambo ya mamilioni ya pesa katika viwanda vya peremende. Tofauti ni kwamba kiwandani kuna mtu aliyesomea jinsi ya kuupima moto, maji na muda. Mtu huyo ni mhandisi au fundi sanifu.

Somo hili linaeleza kazi za uhandisi katika viwanda vya peremende, tofi, chingamu na chokoleti, na njia ambazo kijana wa Kisii au Nyamira anaweza kufuata ili kuzifikia. Mwisho wa somo, msomaji ataweza:

- kueleza kwa nini kutengeneza peremende ni kazi ya kuondoa maji kwa kipimo;
- kukadiria kuni zinazohitajika kugandisha sukari nguru;
- kutaja kazi nne za uhandisi katika kiwanda cha peremende;
- kueleza ngazi za masomo kuanzia ufundi stadi hadi shahada, na mambo ya kuchunguza kabla ya kulipa karo.

Kazi yenyewe ni kuondoa maji

Peremende, tofi na sukari nguru zote huanza zikiwa sukari iliyoyeyuka katika maji. Kinachozitofautisha hasa ni kiasi cha maji yanayobaki mwishoni. Sukari nguru inaweza kubaki na karibu asilimia 10 ya maji, na ikizidi hapo huwa laini na huharibika upesi. Tofi hubaki na asilimia 6 hadi 10. Peremende ngumu ile inayolia kama kioo ikivunjwa hubaki na asilimia 1 hadi 3 tu.

Fundi hapimi maji hayo kwa macho. Anatumia kipimajoto. Maji yanapopungua, sukari iliyobaki huchemka kwenye joto la juu zaidi. Kwa hiyo joto la mchanganyiko humwambia fundi ni maji kiasi gani yamebaki. Katika usawa wa bahari, tofi laini huepuliwa kwenye nyuzijoto 118 hadi 120, na peremende ngumu karibu nyuzijoto 150. Nyuzi mbili au tatu zikikosewa, bidhaa hubadilika: tofi hunata kwenye karatasi, au peremende huwa kahawia na chungu.

Kuna adui mwingine, nao ni chembechembe. Sukari iliyokolea hupenda kurudi kuwa punje kama ilivyokuwa mwanzo. Peremende iliyofanya hivyo huwa na mchanga mdomoni. Viwanda huzuia jambo hilo kwa kuongeza shira ya glukosi, ambayo huziba njia ya punje kuungana. Mpishi wa nyumbani anayetia maji ya limau katika shira anafanya kitu cha aina hiyo: asidi huivunja sehemu ya sukari kuwa glukosi na fruktosi. Kwa sababu iyo hiyo, miwa iliyokaa siku nyingi baada ya kukatwa hutoa sukari nguru isiyoganda vizuri. Sukari yake imekwisha kuanza kuvunjika.

Hesabu ya kuni

Mfano huu unaonyesha mahali ambapo uhandisi huokoa pesa. Chukua kilo 100 za maji ya miwa zenye kilo 18 za sukari na vitu vingine visivyo maji. Ili kupata sukari nguru yenye asilimia 10 ya maji, kilo 18 hizo lazima ziwe asilimia 90 ya bidhaa. 18 ikigawanywa kwa 0.9 ni 20. Basi kilo 100 za maji ya miwa hutoa kilo 20 za sukari nguru, na kilo 80 za maji ni lazima zipae hewani kama mvuke.

Kugeuza kilo moja ya maji yanayochemka kuwa mvuke huhitaji kilojuli 2,260 za joto. Kwa kilo 80, ni kilojuli 180,800. Kilo moja ya kuni zilizokauka vizuri hutoa karibu kilojuli 15,000. Kama joto lote lingeingia katika karai, kilo 12 hivi za kuni zingetosha. Lakini katika tanuri la kawaida sehemu kubwa ya joto hutoka na moshi au hupotelea kwenye udongo. Tukichukulia kwamba tanuri linatumia asilimia 20 tu ya joto la kuni, hesabu inakuwa kilo 60 za kuni kwa kilo 20 za sukari nguru. Tanuri likiboreshwa likafikia asilimia 40, kuni hupungua hadi kilo 30.

Nusu ya kuni imeokolewa bila kuongeza muwa hata mmoja. Ukubwa wa mlango wa tanuri, urefu wa bomba la moshi, umbali kati ya moto na karai, na ukavu wa makapi ya miwa yanayochomwa: hayo yote ni maswali ya mhandisi. Mwenye mtambo anayelipa kuni kila wiki anajua uzito wa jibu.

Swali hilo liliwahi kujibiwa kwa njia iliyobadilisha viwanda vya sukari duniani. Norbert Rillieux alizaliwa mwaka 1806 huko New Orleans, Marekani, na mama yake alikuwa mwanamke huru mwenye asili ya Kiafrika. Alisomea uhandisi Ufaransa. Wakati huo maji ya miwa yalichemshwa katika vyungu vilivyo wazi, na watu waliotiwa utumwani waliyahamisha kwa mikono kutoka chungu hadi chungu, wakiungua. Mwaka 1843 Rillieux alipata hataza ya mtambo ambamo mvuke unaotoka katika chombo cha kwanza hutumika kuchemsha chombo cha pili. Chombo cha pili hutolewa hewa ili kichemke kwa joto la chini. Kwa njia hiyo moto mmoja hufanya kazi mara kadhaa. Viwanda vya kisasa vya sukari bado hutumia kanuni hiyo.

Kwa nini mwinuko wa Kisii ni somo la uhandisi

Mji wa Kisii uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na sehemu nyingi za Nyamira ziko juu zaidi. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Mombasa. Matokeo yake, maji mjini Kisii huchemka karibu nyuzijoto 94, si 100. Kwa makadirio, kila mita 300 za mwinuko hupunguza nyuzi moja.

Anayetumia kanuni ya tofi iliyoandikwa kwa ajili ya mahali pa usawa wa bahari, inayosema aepue kwenye nyuzijoto 119, ataikausha kupita kiasi akiifuata Kisii. Anapaswa kuepua karibu nyuzijoto 113. Njia salama ni kupima kwanza maji matupu yanachemka kwenye joto gani mahali hapo, kisha kupunguza tofauti hiyo kutoka kwenye kanuni.

Viwanda vikubwa huitumia sayansi hiyo kwa makusudi. Hufunga chungu cha kupikia na kunyonya hewa kwa pampu, ili shinikizo lishuke chini hata kuliko la mlimani. Maji hutoka upesi, na sukari haifikii joto la kuifanya iwe kahawia. Hivyo ndivyo peremende huwa angavu kama kioo. Pampu hiyo ikivuja hewa hata kidogo, peremende za zamu nzima huweza kutoka zikiwa laini na zenye kunata. Fundi anayejua kuutafuta uvujaji huo hupendwa sana kiwandani.

Chokoleti: mafuta yanayogandishwa kwa adabu

Gusii haina mashamba makubwa ya kakao. Katika Afrika Mashariki kakao hulimwa hasa Bundibugyo nchini Uganda na Kyela nchini Tanzania, na pia upande wa Beni, mashariki mwa Kongo. Hata hivyo, chokoleti ina mafunzo mawili ambayo mwanafunzi wa uhandisi popote alipo anapaswa kuyajua.

La kwanza ni kusaga. Kakao na sukari husagwa mpaka chembe ziwe ndogo kuliko sehemu 25 kati ya 1,000 za milimita moja. Zikiwa kubwa zaidi, ulimi huanza kuhisi mchanga. Baada ya hapo mchanganyiko hukorogwa kwa saa nyingi katika mtambo uitwao konchi, uliobuniwa na Rodolphe Lindt mjini Bern, Uswisi, mwaka 1879. Mtambo huo huondoa ukali na kuyaeneza mafuta ya kakao kila mahali.

La pili ni kugandisha. Mafuta ya kakao yanaweza kuganda kwa namna sita tofauti, na moja tu ndiyo inayotafutwa. Namna hiyo huyeyuka karibu nyuzijoto 34: chokoleti hubaki ngumu dukani, lakini huyeyuka mdomoni, ambamo joto ni karibu 37. Ili kuipata, chokoleti nyeusi huyeyushwa hadi karibu nyuzijoto 45, hupozwa hadi 27 au 28, kisha hupandishwa tena hadi 31 au 32 kabla ya kumiminwa katika violezo.

Wakazi wengi wamewahi kununua chokoleti yenye madoa meupe juu yake na kudhani imeota ukungu. Mara nyingi si ukungu. Ni mafuta yaliyoyeyuka kwa joto, kwenye lori au dirishani, yakaganda tena kwa namna isiyo sahihi. Kwa hiyo kazi ya mhandisi wa chokoleti haiishii mlangoni mwa kiwanda. Ghala na gari la kusafirisha pia ni sehemu ya mtambo.

Nani hufanya nini kiwandani

*Mhandisi wa uchakataji* huamua joto, shinikizo, muda na mpangilio wa hatua. Akitaka kubadilisha tofi iwe laini zaidi, hubadilisha vipimo hivyo na kuthibitisha kwamba matokeo ni yaleyale kila siku. Wengi wa kundi hili walisomea uhandisi wa kemikali, na hufanya kazi bega kwa bega na wataalamu wa sayansi ya chakula.

*Mhandisi na fundi wa mitambo* hushughulikia boila, pampu, mikanda ya kubebea, vikorogeo na mashine za kufunga. Mashine ya kufunga ikifanya peremende 1,000 kwa dakika, kusimama kwa dakika 20 ni hasara ya peremende 20,000. Ndiyo maana fundi hodari hubadilisha beringi kabla haijavunjika.

*Mhandisi na fundi wa umeme na udhibiti* hutunza mota, vihisio vya joto na kompyuta ndogo zinazoendesha mitambo. Kihisio kikidanganya kwa nyuzi tatu, mtambo mzima hupika vibaya huku skrini ikionyesha kwamba mambo ni sawa. Kazi ya fundi huyu ni kukilinganisha na kipimajoto anachokiamini.

*Mtaalamu wa usalama na ubora* huhakikisha bidhaa inatimiza viwango vya Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, na kwamba wafanyakazi wanarudi nyumbani wazima.

Usalama huo si jambo dogo. Shira ya nyuzijoto 150 ni hatari kuliko maji yanayochemka, kwa sababu ina joto zaidi na hunata kwenye ngozi. Vumbi la sukari nalo hulipuka likitanda hewani na kukutana na cheche. Tarehe 7 Februari 2008, mlipuko wa vumbi katika kiwanda cha Imperial Sugar huko Port Wentworth, jimbo la Georgia, Marekani, uliua watu 14. Nchini Kenya, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri kuweka vizuizi kwenye sehemu za mashine zinazozunguka. Sheria hiyo haibagui kiwanda kikubwa na mtambo wa kijijini. Kinu cha kukamua miwa kisicho na kizuizi kinaweza kuvuta mkono wa anayekilisha, na kipande cha bati na boliti nne huweza kuuokoa.

Njia za kufika huko

Ngazi ya kwanza ni shule. Wanafunzi wa mtaala wa umilisi wanaotaka uhandisi huchagua mkondo wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati wanapoingia Gredi ya 10. Kwa walio katika mfumo wa KCSE, masomo ya kutiliwa mkazo ni Hisabati, Fizikia na Kemia. Wasichana wana nafasi sawa katika mkondo huu. Mzazi asimwelekeze binti kwingine kwa kudhani kwamba boila ni kazi ya wanaume.

Baada ya KCSE kuna milango mitatu, wala si mmoja:

- Shahada, kwa mwenye alama ya wastani ya C+ au zaidi pamoja na alama zinazohitajika katika masomo ya kozi yenyewe. Chuo Kikuu cha Moi hufundisha uhandisi wa kemikali na uchakataji. Chuo cha JKUAT na kile cha Dedan Kimathi hufundisha uhandisi wa mekatroniki, unaounganisha mitambo, umeme na kompyuta. JKUAT na Egerton pia hufundisha sayansi ya chakula.
- Stashahada, kwa mwenye C- au zaidi.
- Cheti cha ufundi, kwa mwenye D au zaidi, na ufundi stadi kwa aliye chini ya hapo.

Vyuo vya kiufundi viko karibu. Kisii National Polytechnic, iliyojulikana awali kama Gusii Institute of Technology, ilipandishwa hadhi kuwa chuo cha kitaifa mwaka 2016. Nyamira ina taasisi za Keroka na Ekerubo Gietai. Vyuo vya ufundi vya vijijini viko chini ya serikali za kaunti kwa mujibu wa Katiba, na ndiko kijana anakoweza kuanzia uchomeleaji na uwekaji nyaya za umeme. Anayejua kazi lakini hana cheti anaweza kufanya mtihani wa daraja wa Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwanda, NITA. Aliyeanza na cheti anaweza kupanda hadi stashahada, na kutoka hapo hadi shahada.

Kabla ya kulipa karo, familia ichunguze jambo moja. Chini ya Sheria ya Wahandisi ya mwaka 2011, anayetaka kufanya kazi kama mhandisi lazima asajiliwe na Bodi ya Wahandisi ya Kenya, na bodi hiyo husajili waliosomea shahada inayoitambua. Mhitimu wa kozi isiyotambuliwa huweza kumaliza miaka 5 na kukosa usajili. Mafundi sanifu na wenye stashahada au vyeti wana bodi yao, KETRB, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016. Kuuliza bodi husika kabla ya kujiunga ni kazi ya siku moja. Kurekebisha kosa baadaye huweza kuchukua miaka.

Ukweli kuhusu ajira

Viwanda vikubwa vya peremende na chingamu nchini, kama vile Kenafric, Patco na Mars Wrigley, haviko Gusii. Kijana anayetaka kazi huko ajue atahama. Ajue pia kwamba kiwanda kimoja huajiri wahandisi wachache na mafundi wengi zaidi, na kwamba viwanda hufungwa. Mwaka 2014 Cadbury ilifunga kiwanda chake cha Nairobi, na wafanyakazi wakalazimika kutafuta pengine.

Kwa hiyo lililo muhimu ni ujuzi, kuliko jina la kampuni. Boila ya peremende ni ndugu ya boila ya majani chai. Viwanda vya chai vya Kebirigo, Sanganyi, Tombe, Ogembo na Kiamokama vina mvuke, vikaushio, mikanda na mota. Kiwanda cha sukari cha Sony kiko Awendo, kaunti jirani ya Migori. Viwanda vya maziwa hutumia pampu na vipoza joto, na vya dawa hubana vidonge kwa mashine zinazofanana na zinazobana peremende za unga. Fundi aliyejifunza kanuni, badala ya kukariri vitufe vya mashine moja, hufuata kazi inakokwenda.

Na iko njia ya kubaki nyumbani. Karai la sukari nguru lililowekewa kipimajoto, tanuri lililopunguza kuni kwa nusu, na kinu chenye kizuizi ni miradi inayoweza kufanywa na mwanafunzi wa stashahada kama kazi ya mwisho wa masomo. Mwenye mtambo hupata faida, na mwanafunzi hupata ushahidi wa kumwonyesha mwajiri.

Zoezi

1. Kilo 250 za maji ya miwa zina asilimia 18 ya sukari na vitu visivyo maji. Zitatoa kilo ngapi za sukari nguru yenye asilimia 10 ya maji? Ni kilo ngapi za maji zitakazoondolewa?
2. Kwa tanuri linalotumia asilimia 20 ya joto la kuni, kilo ngapi za kuni zitahitajika? Je, kwa tanuri la asilimia 40?
3. Kanuni ya usawa wa bahari inasema peremende iepuliwe kwenye nyuzijoto 150. Fundi aliye mita 1,800 juu aepue kwenye nyuzi ngapi?
4. Mashine inayofunga peremende 1,000 kwa dakika imesimama mara mbili, dakika 12 kila mara. Peremende ngapi hazikufungwa?

Majibu: 1. Kilo 50 za sukari nguru. Kilo 200 za maji. 2. Karibu kilo 151; karibu kilo 75. 3. Karibu nyuzijoto 144. 4. Peremende 24,000.